Hela ya kuonyesha, na uongo mwingine wa viza ya mwanafunzi

"Dada, kwani hela si inalala benki siku moja tu, wanagonga muhuri, kesho yake mwenyewe anaichukua?"

Kazi yangu ni kusaidia wanafunzi kuomba viza, na wiki ile swali hilo nililisikia mara tatu kabla hata ya Alhamisi. Ya tatu ilitoka kwa mzee mmoja katoka Moshi na basi la usiku, kaja na kijana wake aliyepata ofa ya masta Leeds, kijana kichwa kweli, mzee kashika bahasha ya kaki ina steitimenti imegongwa muhuri mpaka umevuja upande wa pili. Nikaifungua. Miezi mitano mizima salio linacheza kwenye laki tatu laki nne, halafu Ijumaa inaingia milioni arobaini kwa mkupuo, Jumatatu steitimenti imechapwa. Nikamuuliza mzee wangu hii ni ya nani, akacheka akasema "ni ya kuonyesha tu". Usiku huo nikaanza kuandika hii.

Naongelea Uingereza maana ndiko wateja wangu wengi wanakoenda, nchi nyingine zina sheria zake msije mkachanganya. Haya sikilizeni. Ukiomba viza ya mwanafunzi lazima uonyeshe una hela ya kujikimu na ya ada, na hela hiyo inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mfululizo maana yake hakuna hata siku moja kati ya hizo salio limeshuka chini ya kiwango, hata kwa shilingi mia. Na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla hujatuma maombi, na kutuma maombi ni siku ile unayolipia fomu mtandaoni, siyo siku unayoenda kuweka vidole. Watu wengi hapo ndo wanapotea. Mfano hela imeingia tarehe 3 Julai na steitimenti inaishia tarehe 2 Agosti, hapo siku 28 unazo na chenji inabaki, lipia fomu kabla Agosti haijaisha umemaliza. Ukikaa nayo mpaka katikati ya Septemba unasubiri sijui nini, hiyo steitimenti imeshakuwa karatasi ya kufungia maandazi, ukachukue nyingine.

Kiwango chenyewe: ukisoma London ni pauni 1,529 kwa mwezi, nje ya London 1,171, unazidisha kwa miezi tisa kama kozi yako ni ya miezi tisa au zaidi. Kwa hiyo London ni 13,761 na Leeds ya kijana wetu ni 10,539, JUMLISHA ada yoyote ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, kiasi kile kilichoandikwa kwenye CAS, ile ya chuo ya kuombea viza, nitaieleza chini. Watu wanasahau ada. Mtu anakuja na 10,539 yake safi kabisa, ada kalipa nusu, nusu nyingine ananiambia atalipa akifika. Sawa utalipa ukifika lakini ionekane kwenye akaunti sasa hivi.

Sasa wale wa kuweka kiwango kamili bila hata senti ya ziada ndo wanaonitoa machozi. Kuna mama mmoja alijibana mpaka akafikisha, kaweka akaunti yake, katulia, siku ya kumi na tisa benki ikakata makato yake ya mwezi na ya meseji, salio likashuka chini ya kiwango kwa kitu kisichofika bei ya soda. Viza ikakataliwa. Mwingine baba mtu alitoa laki mbili za mafuta jioni akazirudisha asubuhi, anasema dada si nimerudisha. Umerudisha ndio, lakini siku ile ipo pale imeandikwa, anza kuhesabu upya kuanzia moja. Halafu kuna reti. Hela yako iko kwa shilingi, wao wanaibadilisha kwenda pauni kwa reti ya siku ya maombi, wanatumia tovuti ya reti ya OANDA, siyo reti ya bureau ya Kariakoo. Shilingi ikiteleza kidogo umepungukiwa wewe ukiwa umelala. Ndo maana mimi nasema weka asilimia kumi juu, na wateja wangu wananiona mkorofi. Bora nionekane mkorofi.

Lingine ambalo kwetu sisi ni gumu kuelewa ni la baba mdogo. Kijana kalelewa na baba mdogo, kasomeshwa na baba mdogo toka chekechea, ni baba yake huyo kwa kila hali, na steitimenti inaletwa ya baba mdogo. Haikubaliki. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au mlezi wa kisheria, au mume au mke anayeomba viza pamoja nawe au ambaye tayari ana ruhusa ya kuishi huko. Kaka, shangazi, mjomba aliyeko Muscat, mchungaji, hapana. Ikiwa ya mzazi inaambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi anayoruhusu hela itumike, na kama cheti ni kwa Kiswahili kitafsiriwe na mtafsiri anayeeleweka, siyo mtoto wa jirani anayejua Kiingereza. Majina yafanane. Cheti kina majina mawili, benki matatu, na mojawapo limeandikwa kwa herufi tofauti, hapo jiandae kula kiapo na safari za RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, kaanze mapema. Sasa baba mdogo akitaka kusaidia kweli mbona rahisi, akuhamishie hela kwenye akaunti yako iwe yako kabisa na siku 28 zianze kuhesabiwa. Hati ya kiwanja Kigamboni haihesabiki, gari halihesabiki, hela iliyoko kikoba ni ya kikoba.

"Lakini dada wao watajuaje kama ni ya kukopa?" Hili ndo swali la pili siku zote. Wanaweza kupiga simu benki, hiyo moja. Wanaweza kukuita kwa mahojiano kwa video, hiyo mbili, na pale hawaulizi maswali ya chemsha bongo, wanauliza nani anakulipia, anafanya kazi gani, hela imetoka wapi. Nimeshafanya mazoezi na vijana hapa ofisini, nauliza baba yako anaingiza kiasi gani kwa mwezi, kijana anaangalia feni. Na kama nyaraka ni ya kughushi, maana kuna watu wanauza steitimenti za kuchapa kwenye steshenari jamani, hapo haitwi tena kukataliwa kwa kawaida, wanaandika udanganyifu na unaweza kufungiwa miaka 10. Kijana ana miaka 22, mpaka 32 hasogei, na nchi nyingine zinauliza kwenye fomu kama umewahi kukataliwa viza popote.

Tuseme basi imepita. Tuseme hawakugundua. Kinachoniudhi hasa ni kwamba watu wanaiona ile hela kama tiketi ya mlangoni, wakati ile ndo chakula chako! Imewekwa pale kwa sababu hicho ndicho utakachokula na kulalia miezi tisa. Aliyekukopesha anaichukua Jumanne, wewe unashuka Manchester Septemba una pauni 300 mfukoni na begi la kilo 23. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na dhamana, dhamana ya England kisheria haizidi kodi ya wiki tano lakini wiki tano ni hela nyingi kama huna hela, na wengi wao wanataka mdhamini anayeishi Uingereza, wewe humjui mtu. Nimepigiwa simu saa nane za usiku na binti kalala kwenye kochi la Mkenya waliyekutana kwenye basi. Alikuwa mteja wa mtu mwingine, namba yangu alipewa na rafiki yake.

Hapo inakuja ndugu yake uongo wa kwanza: "nikifika napiga kazi nalipa ada." Ukiwa shahada au masta unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini kuanzia Aprili 2026 kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ni pauni 12.71 kwa saa. Piga: ni 254 kwa wiki ukipata saa zote 20 na ukizipata toka wiki ya kwanza, ambacho hakitokei. Hapo hujalipa chumba wala basi. Ada ya masta nyingi ni zaidi ya pauni 15,000. Itakutosha kwa chakula na simu, ada sahau. Na saa 20 ni za kila wiki, Jumatatu mpaka Jumapili, huwezi kusema wiki hii nimefanya 30 wiki ijayo nitafanya 10 itajibalansi. Wengine wanaenda kukodi akaunti ya mtu kwenye zile programu za kupeleka chakula na baiskeli. Ile ni kujiajiri, na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri hata saa moja. Unapoteza viza kwa ajili ya kupeleka chipsi.

Haya mengine haraka haraka, nimechoka.

Eti ukipata admisheni umepata viza. Ofa ni ofa, chuo kimekukubali. Unahitaji CAS, namba chuo inakupa baada ya kutimiza masharti yao, na hiyo CAS nayo ni ya kuombea tu, maamuzi ni ya Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani.

Eti kuna mtu ana konekshen pale kwenye kituo cha viza. Wale wa kituoni wanapokea pasipoti na alama za vidole, basi, hawaamui chochote. Ukitoa laki tano ya konekshen umemlipia mtu pango.

Eti kipimo cha TB unapima hospitali yoyote. Hapana, ni kliniki waliyoidhinisha wao tu, Dar ni ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na cheti kinaisha baada ya miezi sita. Nimeona mtu kaja na eksirei nzuri kabisa ya hospitali kubwa, haina kazi.

Eti lazima IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Inategemea. Kwa ngazi ya shahada vyuo vikuu vingi vinaruhusiwa kupima Kiingereza chako vyenyewe, waulize kwanza kabla hujachoma hela ya mtihani. Ila ule ujinga wa "tumesoma kwa Kiingereza toka fomu wani kwa hiyo haihusu" nao acha, Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa moja kwa moja.

Eti naenda na mke na watoto. Toka Januari 2024 hiyo ni kwa wa PhD na digrii za utafiti, au waliofadhiliwa na serikali. Masta ya kawaida unaenda peke yako, kaeni mlizungumze hilo nyumbani kabla ya kulipa chochote.

Eti ulikataliwa mwaka jana basi usiseme. SEMA. Kukataliwa kwa kupungukiwa siku tatu kunasameheka, kuficha ndo kunakuingiza kwenye udanganyifu. Wao rekodi wanazo.

Eti viza ni stika kwenye pasipoti. Siku hizi ni ya kidijitali, unafungua akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, unaiunganisha na pasipoti yako, na ukibadilisha pasipoti unaenda kubadilisha na huko. Piga picha ya ule ukurasa unaoonyesha viza yako iweke kwenye simu, maana intaneti ya uwanja wa ndege unaijua.

Na la matibabu. Unalipa pauni 776 kwa mwaka wakati wa kuomba viza, na kwa masta ya miezi 12 viza inazidi mwaka kwa hiyo inafika 1,164, watu wanashtuka. Ukikataliwa hiyo inarudishwa, ada ya fomu ndo hairudi. Sasa mtu kalipa yote hayo halafu anakaa miezi minne bila kujisajili kwa GP, daktari wa mtaa, anasubiri augue kwanza. Jisajili wiki ya kwanza. Na siyo kila kitu bure, meno na miwani England unalipia, dawa za kuandikiwa pia unalipia, Scotland na Wales dawa ni bure. Barua ya council tax, kodi ya manispaa, ikija usiogope wala usiilipe, mwanafunzi wa muda wote kasamehewa, omba chuo barua ya uthibitisho uwapelekee. Blanketi usibebe. Kila mwaka nawaambia na kila mwaka kuna mtu pale uwanjani anahangaika na lile la manyoya lenye picha ya simba, limekula kilo sita. Koti utanunua kule, kuna maduka ya mitumba mazuri kila mtaa. Beba vyeti halisi kwenye begi la mkononi, na viungo vya pilau.

Yule mzee wa Moshi alirudi. Ile milioni arobaini kairudisha kwa mwenyewe, wakakaa kikao cha ukoo, kauza shamba la kahawa dogo na baba mdogo kaongezea, zote zimeingia akaunti ya mzee mwenyewe na ziada juu kidogo, cheti cha kuzaliwa kipo RITA wanarekebisha herufi moja. Leo ni siku ya 11. Kadi ya ATM nimemwambia ampe mama aifungie kabatini, akanijibu ameshampa.