Je, wajua kwa nini msaidizi wa kigogo akitiwa hatiani, mtaa huuliza "na bosi wake je?"

Kijiwe chetu cha kahawa pale Magomeni kina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: anayeleta mada ndiye anayenunua kashata. Jioni moja kijana fundi simu akaja na mada ya Marekani. Alikuwa anaperuzi habari za misamaha ya marais wa kule, akakutana na jina la Scooter Libby, akatusomea. Mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney, kesi ya mwaka 2007, hatia kwa makosa manne, miezi 30 jela. Kosa lenyewe? Kusema uongo.

Mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye kwa kawaida huchangia mada za Simba na Yanga tu, akaweka kikombe chini.

"Hebu ngoja, mwanangu. Huyo kahukumiwa kwa uongo. Na hilo jambo alilolidanganyia, nani kahukumiwa?"

"Hakuna, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mzee akacheka, akanyoosha kikombe aongezewe. "Basi huyo dagaa. Papa yuko zake baharini anaogelea."

Mzee hakujua kwamba swali lake liliulizwa kulekule Washington, siku ileile ya hukumu, tena na mtu ambaye hungemtarajia kabisa. Lakini kwanza tuisimulie kesi, maana bila kisa chenyewe swali linaning'inia.

Februari 2002, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtuma balozi mstaafu Joseph Wilson kwenda Niger, nchi jirani ya Nigeria yenye madini ya urani, kuchunguza kama Iraki ilikuwa inanunua urani huko. Akarudi na jibu kwamba habari hiyo haina mashiko. Januari 2003 Rais George W. Bush akalihutubia Bunge na kusema Saddam Hussein ametafuta urani "kutoka Afrika" (Afrika nzima, kama vile ni duka moja pale Mtaa wa Kongo). Vita vya Iraki vikaanza Machi. Julai 6, Wilson akaandika gazetini kwamba yeye ndiye aliyekwenda na kwamba alichokikuta sicho kilichosemwa. Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak akachapisha kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, ni mtu wa CIA. Jasusi akishatajwa jina hadharani, kazi yake ya siri imekwisha. Ikabidi uchunguzi uanze: nani kamtaja?

Hapa ndipo Libby alipojikwaa. Alipohojiwa na makachero wa FBI, na baadaye chini ya kiapo, alisema habari za yule mama alizisikia kwa mtangazaji wa televisheni Tim Russert mwezi Julai, na kwamba zilimshangaza kama kitu kipya kabisa. Russert akasema waliongea kweli, lakini habari ya mama huyo haikutajwa. Kibaya zaidi, daftari la Libby mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilionyesha kwamba habari hiyo alipewa mwezi Juni. Na aliyempa? Cheney, bosi wake.

Kwa hiyo hukumu ya Machi 6, 2007 haikuhusu kuvujisha siri hata kidogo. Ilihusu kuzuia haki isitendeke, kuapa uongo mara mbili, na kuwadanganya wapelelezi. Kosa la tano alishinda. Na waliomtaja Plame kwa Novak walishajulikana: wa kwanza alikuwa Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, na Karl Rove, mshauri wa Rais, akaithibitisha. Wote wawili hawakushtakiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 inayolinda majina ya majasusi inataka ithibitishwe kwamba aliyetaja alijua fika yule ni jasusi wa siri na akamtaja kwa makusudi. Armitage alisema ulimi uliteleza. Ukishasema hivyo, na hakuna karatasi inayokusuta, mwendesha mashtaka atakushika wapi?

Mwendesha mashtaka Patrick Fitzgerald alijaribu kulieleza hili mapema, siku Libby aliposhtakiwa Oktoba 2005. Alitumia mfano wa mchezo wao wa besiboli: mwamuzi anataka kujua kama mchezaji alimgonga mwenzake kwa makusudi, lakini mtu anamrushia mchanga machoni. Utamlaumuje mwamuzi kwamba hakuona rafu? Adhabu inakwenda kwanza kwa mrusha mchanga. Nilipoutoa mfano huu kijiweni, mzee wa bandari aliuelewa haraka kuliko mimi nilivyouelewa mara ya kwanza. Kisha akauharibu: "Na aliyempa mchanga?"

Sasa turudi kwa yule mtu ambaye hungemtarajia. Kule Marekani mwenye kusema ana hatia au hana si jaji bali jopo la raia wa kawaida. Jopo la Libby lilimaliza likiwa na watu 11, baada ya mmoja kuondolewa, na lilikaa siku kumi likijadiliana. Walipotoka, mmoja wao akaongea na waandishi wa habari. Akasema ndani ya chumba walikuwa wakiulizana: Rove yuko wapi? Wale wengine wako wapi? Akaongeza kwamba walimwona Libby kama mtu aliyebebeshwa zigo. Hawakuwa wanasema hana hatia. Walishamtia hatiani kwa kauli moja. Walikuwa wanasema mambo mawili kwa pamoja: amedanganya, na hayuko peke yake.

Nadhani hapo ndipo jibu letu lilipo. Mahakama na mtaa havijibu swali moja. Mahakama hufuata alama: daftari, saini, simu iliyopigwa, kauli ya kiapo. Mtaa hufuata ngazi: nani juu ya nani, nani alinufaika, nani asingeweza kukosa kujua. Msaidizi wa mkubwa ana bahati mbaya ya kukaa mahali ambapo alama nyingi huachwa. Yeye ndiye anayeandika dondoo za kikao, anayepiga simu, anayesaini barua "kwa niaba ya". Bosi anatikisa kichwa tu, na kichwa kikitikiswa hakiachi alama mezani.

Na uongo ni rahisi kuuthibitisha kuliko tendo. Kwenye tendo lazima uingie moyoni mwa mtu uonyeshe alikusudia nini. Kwenye uongo unaweka kauli yake ya Machi kando ya daftari lake la Juni mwaka uliotangulia, basi. Hata kwetu kuapa uongo mahakamani si jambo dogo: Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka saba.

Wana Dar hatukulijua hili kwa Libby. Mei 2010 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Amatus Liyumba, aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi na utawala wa Benki Kuu, miaka miwili jela kwa matumizi mabaya ya madaraka katika mradi wa yale majengo pacha ya BoT, minara unayoiona ukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni. Mkurugenzi wa utumishi! Kijiweni mtu hakuhitaji kujua sheria kuuliza maghorofa yale yalijengwa kwa idhini ya nani mwingine. Gavana wa wakati wa mradi huo, Daudi Ballali, alikuwa amefariki Marekani Mei 2008. Mtaa ulivyokuwa na kiu ya kumwona mtu wa ngazi ya juu akijibu, kuna waliokataa kabisa kuamini kwamba amekufa. Miaka kadhaa baadaye bado ungesikia kwenye daladala kwamba yuko mahali fulani anakula maisha. Ni uvumi tu, lakini unaonyesha jinsi ngazi isiyofika juu inavyowasumbua watu: wako tayari kumfufua marehemu ili aje ajibu.

Ningeishia hapo, nadharia ya dagaa na papa ingekaa vizuri mno. Tatizo ni Mramba na Yona.

Julai 2015, Kisutu hiyohiyo, Basil Mramba, waziri wa zamani wa fedha, na Daniel Yona, waziri wa zamani wa nishati na madini, walihukumiwa miaka mitatu jela kuhusu kampuni iliyoletwa kukagua dhahabu na kusamehewa kodi, hasara ikitajwa kuwa shilingi bilioni 11.7. Mshtakiwa wa tatu, Gray Mgonja, aliyekuwa katibu mkuu wa Hazina, yaani mtendaji wa chini ya waziri, aliachiwa huru. Mambo yaligeuka: papa kavuliwa, mdogo kapona. Kwa nini? Kwa sababu safari hii alama ziliwafuata mawaziri. Msamaha wa kodi hautolewi kwa kutikisa kichwa. Hutangazwa rasmi na waziri husika, na ushauri wa mamlaka ya mapato, TRA, uliokuwa unapinga nao ulikuwepo kwenye maandishi.

Mtaa uliridhika? Kidogo. Rufaa ilipunguza kifungo kuwa miaka miwili, na Februari 2016 wakaruhusiwa kumalizia adhabu nje kwa kazi za jamii: usafi katika hospitali ya Sinza Palestina, saa nne kwa siku. Waziri wa fedha wa zamani akishika ufagio Sinza, picha zilizunguka nchi nzima. Wengine walicheka, wakikumbushana ile kauli inayohusishwa na Mramba, kwamba hata wananchi wakibidi "kula nyasi", ndege ya Rais itanunuliwa. Wengine waliona huruma, wazee wale jamani. Na wengine walilalamika kwamba mwizi wa kuku hapewi ufagio, hupewa gereza la Segerea.

Libby hakushika hata ufagio. Julai 2, 2007 Rais Bush aliifuta ile miezi 30 kabla hajakanyaga gereza, akisema imezidi, ila akaacha faini ya dola 250,000. Cheney aliomba msamaha kamili, Bush akakataa, na wawili hao wakakosana. Msamaha kamili alikuja kuutoa Rais Trump, Aprili 13, 2018. Kwa Katiba yetu, ibara ya 45, Rais naye anaweza kufanya lolote kati ya hayo: kusamehe kabisa, kupunguza au kufuta adhabu.

Nilimweleza mzee wa bandari habari ya Mgonja, nikidhani nimempata. Nikamwambia, "Unaona, mzee wangu, mara nyingine mkubwa ndiye anayeingia na mdogo anabaki nje."

Muuza kahawa alikuwa ameshaanza kugonganisha vikombe kuondoka. Mzee akalipa, akavaa kofia yake.

"Sawa. Na juu ya hao mawaziri alikuwepo nani?"

Nikamjibu kwamba kesi ilihusu maamuzi yao wenyewe. Akaniangalia kama anavyomwangalia refa aliyekataa penalti, akaenda zake kuswali.