Je, wajua kwa nini PC mpya uliyoiunga mwenyewe inajizima na kuwaka yenyewe?

Dogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, anakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Kaunga PC yake ya kwanza, vifaa kanunua kidogo kidogo Kariakoo akatumiwa kwa basi, kaweka Windows, siku mbili mashine inakimbia kama swala. Siku ya tatu yuko katikati ya kazi, pap, skrini nyeusi, alafu inawaka upya kama hamna kilichotokea. Hamna skrini ya bluu, hamna ujumbe. Kapiga Windows upya mara mbili, wapi. Ndo akanipigia, "kaka, hii kitu ina jini."

Jini hamna. Ila swali lake zuri: kwa nini iwake tena? Kitu kilichoharibika si kingezima tu kikakaa kimya?

Iko hivi. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230 na unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, maza bodi (ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote) haiwezi kuula huo, kwahiyo pawa saplai inaugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Sasa kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kuna waya mmoja ambao kazi yake sio kupeleka moto wa kuendeshea kitu, ni kupeleka habari tu. Pawa saplai ikiona volti zake zimekaa sawa inatuma ishara kwa huo waya, yaani "umeme uko poa, endelea", na maza bodi bila hiyo ishara haimruhusu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, afanye chochote. Volti ikiyumba, ishara inakatwa, maza bodi inamsimamisha prosesa hapo hapo, haiulizi kama umesevu. Umeme ukitulia ishara inarudi na mashine nyingi zinaanza upya toka mwanzo. Kwahiyo kile unachokiona ni kompyuta inayotii amri, na Windows wala haijui kilichompata, ndo maana kuipiga upya hakusaidii. Ukifungua Event Viewer, pale Windows inapoandika matukio yake, utakuta Kernel-Power 41, watu wanaishika hiyo kama ndo ugonjwa wakati inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga.

Kinachotakiwa kuyumba ni kidogo sana, na hapa ndo patamu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazotunza moto wa akiba, lakini ikiwa imebeba mzigo wake wote ile akiba kwa kawaida ni ya milisekunde 16 au 17 hivi. Wimbi moja la umeme wetu ni milisekunde 20. Yaani wimbi moja tu likikosekana inatosha kukurestatia, na wewe taa ya ndani hujaiona hata ikipepesa, kwahiyo unaapa kabisa kwamba umeme haujakatika. (Usije ukafungua pawa saplai kuziangalia hizo kapasita, zinabaki na moto hata ukishachomoa waya.)

Nikamwambia dogo achukue daftari, kila ikijirestati aandike saa na alikuwa anafanya nini, basi. Alinicheka, anataka programu ya kupima. Baada ya wiki kaniletea daftari na jibu limejianika lenyewe: nyingi zimetokea kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku za kazi, Jumapili hamna hata moja. Nyumba ya nyuma kuna mashine ya kusaga. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja inavuta umeme mara tano mpaka nane ya ule inaotumia ikishashika mwendo, na yeye yuko mwisho mwisho wa laini, kwahiyo kila mama akileta debe la mahindi PC inapata kwikwi.

Alitaka akanunue stabilaiza, nikamkataza. Zile za kawaida zinazolia tak tak zinarekebisha umeme uliokaa chini muda mrefu, zenyewe zinachelewa kugutuka na hazina betri. UPS ya kawaida, lile boksi lenye betri ya akiba, inahamia kwenye betri kwa milisekunde 10 au chini ya hapo, na kumi inaingia ndani ya ile kumi na sita. Ila usiangalie VA tu, ile namba kubwa ya kwenye boksi, angalia wati ambazo ndo mzigo inaoweza kubeba, maana ya VA 650 mara nyingi haifiki hata wati 400.

UPS ikaja, mchana pakatulia. Lakini daftari lilikuwa na tatu nyingine za usiku, saa sita, saa saba, mashine ya kusaga imefungwa na PC inadownload tu, haina mzigo. Kumbe magonjwa mawili yenye dalili moja! Ingekuwa inazima akicheza gemu ningeanza na pawa saplai ndogo au grafiksi kadi iliyolishwa plagi mbili kwa waya mmoja uliogawanywa, wakati kila plagi ya pini 8 inaruhusiwa kubeba mpaka wati 150. Joto sikulifikiria sana, prosesa wa siku hizi akizidiwa anapunguza kasi kwanza, na akizima mara nyingi anabaki amezima. Tukachomoa waya wa kitufe cha riseti kwenye maza bodi, maana kwenye kesi za bei rahisi kile kitufe huwa kinanasa na kompyuta haikihitaji ili iwake. Bado.

Tukaenda kwenye Windows tukatoa tiki ya kujirestati yenyewe ikipata hitilafu, na usiku huo huo skrini ya bluu ikaonekana, kumbe ilikuwepo siku zote inapita haraka. Inalalamikia memori, yaani RAM. Dogo alikuwa kawasha XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) kwenye biosi, ile mipangilio ya maza bodi, ili RAM ikimbie 3600, kasi ambayo kwa DDR4, aina ya RAM aliyonayo, ni ya kulazimisha, na vijiti kavipachika nafasi ya kwanza na ya pili wakati maza bodi yake yenye nafasi nne inataka ya pili na ya nne ukihesabu toka kwa prosesa. Tukahamisha, tukashusha mpaka 3200, tukaiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, asubuhi kosa sifuri.

Daftari bado analo, saivi anaandikia deni la unga kwa yule jirani.