Kulifunga Shamba Lisigeuke Ploti

Wazee wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa ardhi hapa Nairobi huja na ombi moja: "Nataka niandike kitu, watoto wasiuze." Wanatoka Kikuyu, Limuru, Kiserian na Kitengela, pande ambazo shamba la juzi leo limejaa vigingi vya soroveya na kibao cha "ploti 50 kwa 100". Tunawaelewa. Ila izimenti ya hifadhi, yaani amri ya mahakama inayozuia matumizi fulani ya ardhi, ambayo wengi wao wamesikia ikitajwa, haifanyi kazi hiyo, na ni heri mtu alijue hilo kabla hajamlipa wakili.

Izimenti si jambo geni. Jirani aliyezungukwa na mashamba akipewa njia ya kupita kwako, hiyo ni izimenti. Ukiuza, mnunuzi anachukua shamba pamoja na ile njia. Izimenti ya hifadhi ni mzigo wa aina hiyohiyo, lakini anayeudai si lazima awe jirani. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 112, inaipa mahakama uwezo wa kuiweka juu ya ardhi kwa miaka kadhaa au milele, hata pasipokuwa na shamba la karibu linalonufaika.

Mahakama inaiweka kwa sababu gani? Kulinda mimea na wanyama. Kulinda maji ya mto, bwawa au ya chini ya ardhi. Kuacha uwanda wazi, kulinda mandhari, kuacha mapito ya wanyamapori, kuzuia uchimbaji wa mawe, au kuzuia kilimo cha namna fulani. Isome orodha hiyo mara mbili. Hutaona mahali paliposemwa "ili watoto wasiuze". Shamba lenye izimenti huuzwa, hurithiwa, hata hupelekwa benki. Kilichofungwa ni matumizi yake. Anayetaka kuzuia uuzaji wenyewe aulizie amana ya familia (family trust) au wosia, na wala asidhani kaveati, lile zuio linaloandikwa kwenye rejista ya ardhi, itamfaa miaka yote.

Chukua familia yenye ekari tatu kando ya kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ambako Mto Nairobi unaanzia. Ombi linalosema "shamba lihifadhiwe" halina uzito. Linalosema kwamba ukanda wa mita kadhaa kutoka ukingoni, tuseme nusu ekari, uliopimwa na kuchorwa kwenye ramani, usijengwe, usichimbwe kisima wala usipandwe mikaratusi, hilo jaji ana la kushika. Ekari nyingine mbili na nusu zinabaki huru kwa viazi, ng'ombe na nyumba za wana. Familia nyingi hupumua zikisikia hivyo, maana zilidhani ni lazima kufunga shamba lote.

Mahali ambapo watu hupotea ni hapa. Kwa mujibu wa kifungu cha 114, anayeweza kwenda mahakamani kuitekeleza izimenti ni yule tu ambaye imetolewa kwa jina lake. Ikitolewa kwa jina la mzee wa miaka 78, akishazikwa nani atamshtaki mjukuu aliyeleta tingatinga? Mimi humwambia mteja atafute kwanza wa kuishika izimenti kwa kudumu, kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na wanachama vijana, ndipo tuongee habari za ramani.

Ukisoma habari za Marekani utaona mwenye shamba akiketi na shirika la kutunza ardhi, wanasaini, kisha anapunguziwa kodi. Kwetu njia ya sheria hii inapita Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 116 kinampa mwenye haki katika ardhi fidia ya thamani ya matumizi aliyoyapoteza, na mahakama inaweza kumtwisha mwombaji gharama hiyo.

Wengine huchanganya jambo hili na ule mpango wa Kitengela. Kuanzia mwaka 2000, familia za Kimaasai kusini mwa Mbuga ya Nairobi zililipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili zisiweke ua, na malipo yakapangwa yaendane na msimu wa karo. Huo ulikuwa ukodishaji: fedha zikikatika, mwenye shamba yuko huru. Binafsi naona kwa familia isiyo na uhakika, mkataba wa miaka mitano ni shule nzuri kuliko kuanza na neno "milele".

Ukiamua kuendelea, fanya sachi (ukaguzi rasmi wa rekodi za hati) upya kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ikiwa shamba liko Nairobi. Mke au mume ahusishwe. Benki pia, kama hati iko kwao. Amri ikishatolewa isajiliwe kwenye hati, la sivyo mnunuzi atasema hakuiona. Na kama hati bado ina jina la babu aliyefariki 1987, anzeni na mirathi.