Unataka mbwa mkali? Soma hapa kwanza

Watu wanaonipigia simu kuulizia mbwa hapa Mwanza huanza na sentensi ileile: "Daktari, nitafutie mbwa mkali." Dume au jike, anakula nini, atalala wapi, hayo huwa ni ya baadaye. Nawaelewa. Umejenga Buhongwa au Kisesa, ukuta haujafika juu, geti bado ni la bati, na mtaa mzima unajua siku uliyoshusha saruji. Mbwa ni nafuu kuliko mlinzi wa kulipwa.

Shida ni kwamba mimi ndiye daktari wa mifugo ninayeletewa mbwa hao baadaye, wakiwa wamemng'ata mtoto wa nyumbani, dada wa kazi au muuza genge jirani. Na nikiwaangalia, wengi wao ni waoga: mkia umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala, macho yanatafuta mlango. Mbwa wa namna hiyo anang'ata kwa sababu haoni njia ya kutoka. Usiku mwizi akija, huyohuyo anaingia uvunguni mwa gari.

Tunamtengeneza sisi wenyewe. Anachukuliwa kwa mama yake akiwa na mwezi mmoja, anaingizwa bandani, anafungiwa mchana kutwa "asizoee watu", usiku anafunguliwa. Anamjua mtu mmoja tu, yule anayeleta sufuria. Kumbe wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 ndiyo ubongo wa mbwa unapoandika orodha ya vitu vya kawaida. Atakachokutana nacho kwa amani kipindi hicho hakitamtisha ukubwani: bodaboda, mtoto anayekimbia, mama mwenye ndoo kichwani, mwavuli, mlevi anayeimba saa tano usiku. Kikipita bila kukutana navyo, bado anaweza kufundishwa, ila ni kazi ya miezi na si kila mbwa anafika. Mbwa aliyezoea watu wa kawaida ndiye anayemtambua asiye wa kawaida, na hapo atabweka. Kwa nyumba nyingi, kubweka kunatosha kabisa.

Kwa hiyo ukienda kuchagua, usikubali kuletewa mtoto mmoja mkononi. Nenda kwenye zizi, mwone mama yake. Mama anayeunguruma na kurusha meno hata mwenyewe akiwepo, achana na watoto wake, hata kama ni wazuri kama picha ya kalenda. Kisha chuchumaa unyamaze. Mmoja atakuja mbio na kuanza kutafuna kamba ya kiatu chako; mwingine atajikunyata kwenye kona na hatatoka. Mimi huwachagulia watu yule wa katikati, anayekuja taratibu, ananusa, anaondoka, anarudi. Angusha funguo chini. Kushtuka si kosa. Tazama kama baada ya muda mfupi anarudi kuzinusa. Mgeuze chali mkononi kwa upole: atahangaika kidogo kisha atulie. Anayepiga mayowe bila kukoma au anayekakamaa kama gogo ni kazi kubwa kuliko unavyofikiri.

Halafu ukague mwili, na hapa ndipo wauzaji wa barabarani wanapowapata watu. "Ana miezi miwili huyu." Fungua mdomo. Kwenye wiki ya 8 meno ya utoto, yote 28, huwa yameshatoka, makali kama sindano, pamoja na yale ya nyuma. Ukikuta nyuma ni fizi tupu, na macho bado yana ule ubuluu wa kitoto, umeletewa wa wiki nne au tano ambaye alipaswa kuwa ananyonya. Usimchukue kabla ya wiki 8. Si maziwa tu: wiki za mwisho na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kwamba ukiuma sana, mchezo unaisha. Fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, shuku safura au kupe. Tumbo kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo, si shibe. Pitisha kidole kitovuni. Uvimbe laini unaorudi ndani ni ngiri, nyingi si za hatari lakini uijue kabla hujalipa.

Kuhusu mbegu sitaongea sana. German Shepherd ni mbwa mwerevu, lakini wengi wana shida ya nyonga ya kurithi, wana manyoya ya nchi ya baridi, na bila kazi ya kufanya wanachimbua msingi wa nyumba. Boerboel na Rottweiler wanahitaji mtu mwenye muda na mkono uliotulia. Kwa nyumba ya kawaida ya Igoma au Nyegezi, mbwa wetu wa kienyeji aliyepatikana mapema na kulelewa vizuri simbadilishi na yeyote: manyoya mafupi, tumbo gumu, masikio hayalali, na hatumii mshahara wako wote.

Sasa chanjo. Kinachoua watoto wa mbwa kwa haraka mjini kwetu ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Anaanza kunyong'onyea, anakataa chakula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kwa mtoto wa miezi miwili, siku moja ya kungoja "tuone kesho" inaweza kuwa ndiyo ya mwisho. Wengi huniambia: alichanjwa, nina kadi. Nikifungua kadi naona sindano moja, ya wiki ya 6. Mtoto wa mbwa anapata kinga kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo. Inapungua polepole, na kila mtoto ana tarehe yake. Hakuna anayeijua, ndiyo maana tunarudia kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja ni kubahatisha. Kadi nzuri ina stika ya kichupa cha chanjo na saini ya aliyechanja, na chanjo yenyewe itoke kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyotembea kwenye mfuko wa koti kutoka mjini hadi Usagara ni maji tu.

Virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka. Sakafu ya saruji utaimwagia jiki iliyozimuliwa. Uwanja wa mchanga huwezi. Kama nyumbani kwako alikufa mbwa kwa parvo, mlete anayefuata akiwa amekamilisha chanjo.

Utaniuliza: si umesema azoee watu kabla ya wiki 14, na chanjo inakamilika wiki ya 16? Ndiyo. Mbebe. Mpakate kwenye daladala, kaa naye kibarazani, mpeleke sokoni ukiwa umemshika kifuani, waalike watoto wa jirani waje wanawe mikono kisha wamguse. Asichokanyaga ni ardhi wanayopita mbwa wasiojulikana.

Chakula ni eneo ambalo sisi wa kandokando ya ziwa tuna bahati, na tunaichezea. Ugali mtupu haumkuzi mbwa. Nawaona wamepinda miguu ya mbele kama upinde, mwenyewe anasema amerogwa; amekosa protini na madini ya mifupa. Dagaa wetu wakiliwa wazima, kichwa na mifupa yake laini, wana vyote viwili. Nunua Mwaloni Kirumba, hata wale wa daraja la mifugo, ila hao huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe mara kadhaa mpaka maji yasiache mchanga chini ya beseni, ndipo uwachemshe na kuwachanganya na ugali wa dona. Mapanki ya sangara chemsha upate supu, nyofoa nyama iliyobaki, mifupa utupe mbali. Miiba yake haina huruma na koo. Mtoto wa miezi miwili ale mara nne kwa siku, akifika miezi mitatu mara tatu, baada ya nusu mwaka mara mbili, na maji safi muda wote. Mchuzi wa jana wenye vitunguu usimpe, vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu.

Na tafadhali, mahindi yaliyoota ukungu "ya mbwa" usiyanunue. Nalisema kwa hasira kidogo kwa sababu ni biashara ya wazi kabisa: mahindi yaliyokataliwa na watu yanasagwa kwa ajili ya mbwa na kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Ukiona mbwa wa unga huo ameacha kula, anatapika, na weupe wa macho umegeuka manjano, ini limeshaguswa.

Malazi ni suala la miamba. Nyumba nyingi za Isamilo, Mabatini na Bugando zimekaa juu ya mawe yanayochemka kuanzia saa sita, na banda la bati juu ya jiwe ni tanuri. Weka banda kivulini, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, uwazi wa kupitisha upepo wa ziwani. Mnyororo kwenye miamba ni hatari ya pekee: mbwa anamfukuza mjusi au pimbi, mnyororo unanasa kwenye ufa, anashinda juani hafikii maji. Kama ni lazima umzuie, mzungushie wavu. Tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kumfunga mnyama ateseke si jambo la nyumbani kwako peke yako.

Dawa za minyoo: zianze akiwa na wiki 2, zirudiwe kila wiki mbili hadi wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, baadaye kila miezi mitatu. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na mingine huhamia kwa watoto wetu wanaochezea mchanga. Kupe: mkague masikio, kwapa na katikati ya vidole kila unapomchezea. Oili chafu ya gari si dawa ya ukurutu. Inapenya ngozini, anailamba, inamuua figo na ini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiipime kwa kizibo cha soda, na vidonge vyako vya maumivu vibaki vyako.

Majirani nao wana haki zao. Anayekwenda kuswali hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake. Mfundishe asirukie watu tangu akiwa mdogo: akirukia, mgeuzie mgongo kimya; miguu minne ikigusa chini, msifu na umguse. Familia nzima ifanye hivyo, maana mtoto mmoja anayecheka akirukiwa anabomoa kazi ya wote.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, nyongeza akitimiza mwaka, kisha kila mwaka. Muulize ofisa mifugo wa kata. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kuna za bure au za bei ndogo. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishatokea hakuna tiba. Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hospitali siku hiyohiyo. Mbwa msimuue. Mfungieni mahali salama mumtazame siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na kichaa mateni siku aliyomng'ata. Chanjo ya mtu haingoji siku hizo, daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha.

Limebaki la jike. Watu wanamkataa wakihofia mimba, na ndiyo maana majalalani tunakuta zaidi majike. Kwangu jike ni chaguo zuri kwa nyumba yenye watoto: mara nyingi ana mwili mdogo kuliko dume na hazururi sana. Atapata joto kwa mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, kisha kama kila nusu mwaka, wiki tatu hivi kila mara. Mlete tumfunge kizazi kabla ya hapo. Ukisema utamfungia ndani hizo wiki tatu, ni sawa, ila madume wa mtaa hawasomi ratiba yako na ukuta wa futi sita kwao ni ngazi. Wakishaingia, anza kuhesabu siku 63, na anza pia kuuliza kazini nani anahitaji mtoto wa mbwa.