Je, wajua kwa nini kompyuta ya darubini ya redio huchaguliwa mwisho?

Sahani ya darubini ya redio ikishasimikwa, hukaa hapo miongo. SKA, darubini ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, imepangiwa kufanya kazi miaka 50. Seva, kwa upande wake, ikifikisha miaka saba vipuri huanza kuwa adimu, na umeme inaokula haulingani tena na kazi inayotoa. Kwa hiyo anayepanga mfumo wa kuchakata mawimbi hutangulia kuhesabu biti, akafuatia nyaya, na suala la chipu gani inunuliwe hulisogeza mbele kadiri anavyoweza.

Hesabu hiyo ni ya kalamu na karatasi. Tuchukue MeerKAT, darubini ya sahani 64 katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, iliyozinduliwa Julai 2018. Bendi yake ya L huanzia megahezi 856 hadi 1712. Kila sahani hupima wimbi mara milioni 1712 kwa sekunde, kila kipimo biti 10, tena mara mbili, maana wimbi la redio hutikisika kwa pande mbili, wima na mlalo, na zote hupokewa. Zidisha: gigabiti 34.24 kwa sekunde kutoka sahani moja. Kiungo cha Etheneti cha gigabiti 40 kinazibeba na nafasi inabaki. Mtu akidai biti 12 badala ya 10, hesabu inaruka hadi gigabiti 41 na kiungo kile kile hakitoshi. Biti mbili tu, na umeshabadilisha nyaya, kadi za mtandao na swichi.

Sahani zote 64 pamoja zinatoa terabiti 2.2 kila sekunde. Ukijaribu kuzihifadhi zilivyo, saa moja inakujazia karibu petabaiti nzima. Haiwezekani, lazima zichakatwe zikiwa mbioni.

Uchakataji una hatua mbili, ambazo mafundi wameziita F na X. Katika F kila sahani hushughulikiwa peke yake. Kwanza hucheleweshwa, kwa kuwa wimbi kutoka angani halizifikii sahani zote kwa mpigo: kati ya mbili zilizoachana kilomita 8, tofauti inaweza kufika mikrosekunde 26.7, yaani vipimo elfu 45 na ushee vinavyokaa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda, vikingoja wenzao. Na kwa vile dunia inazunguka, kiasi cha kungoja hakitulii, hurekebishwa muda wote. Kisha bendi hukatwa chaneli, tuseme 4096, kila moja kilohezi 209, na namba hupunguzwa hadi biti 8. Kwa nini zisipunguzwe tangu kwenye sahani? Kwa sababu ya kelele. Setilaiti za GPS hutangaza kwenye megahezi 1575, ndani kabisa ya bendi hii. Biti zikiwa chache kabla ya kukata chaneli, mawimbi yenye nguvu hivyo hugonga dari na kuchafua bendi nzima; zikipunguzwa baada ya kukata, uchafu hubaki kwenye chaneli zake.

Hatua ya X huchukua chaneli moja kutoka sahani zote na kuzizidisha mbili mbili. Sahani 64 zina jozi 2016. Ongeza kila sahani na nafsi yake, ni 2080. Kwa pande zile mbili za mtikisiko kila jozi hutoa mazao manne, ni 8320. Mara milioni 856, unapata trilioni 7.1 za kuzidisha na kujumlisha namba changamano kila sekunde. Hapa ndipo wengi huteleza wakipanga upanuzi. Ukiongeza sahani maradufu, F huongezeka maradufu, lakini X huongezeka mara nne, hadi trilioni 28. SKA-Mid, sehemu ya SKA iliyoko Afrika Kusini, imepangiwa sahani 197, zikiwemo hizo 64 za MeerKAT, na jozi zake ni 19,306.

Lakini ugumu wa kweli uko kati ya F na X. Fikiria soko lenye wakulima 64, kila mmoja kaja na gunia la mazao yaliyochanganyika, na wanunuzi ambao kila mmoja anataka aina moja tu, ila kutoka kwa wakulima wote. Wakulima ni mashine za F, wanunuzi ni za X, na aina za mazao ni chaneli. Zamani kazi ya kugawanya ilifanywa na saketi na nyaya maalumu zilizounganishwa nyuma ya makabati. Ukibadilisha kadi moja, unagusa zote. CASPER, ushirika wa wahandisi wenye mizizi Berkeley, Marekani, ulitetea njia nyepesi: weka katikati swichi ya kawaida ya Etheneti, ile ya vituo vya data, kila mashine itume paketi zake, yaani vifurushi vya data, swichi ipeleke. MeerKAT ilijengwa hivyo.

Njia hiyo ina mtego wake. Paketi hutumwa kwa UDP, kanuni ya mtandao ambayo haina kurudia, iliyopotea imepotea. Mashine 64 za F zinafuata mapigo ya saa ile ile, kwa hiyo zote zikianza na chaneli ya kwanza, zote zinamvamia mnunuzi yule yule kwa wakati ule ule. Bafa ya swichi inafurika na paketi zinamwagika, ingawa ukitazama wastani wa mzigo utaona nafasi tele. Dawa ni kupishanisha zamu: mashine ya kwanza ianze na mnunuzi wa kwanza, ya pili na wa pili, na kuendelea.

Sasa chipu. Darubini ya ALMA kule Chile ilitengenezewa chipu zake yenyewe: hazili umeme mwingi kwa kila hesabu, lakini kilichochongwa ndani hakibadiliki. Darubini ya LOFAR ya Uholanzi ilianza na kompyuta kuu ya IBM Blue Gene, na mwaka 2014 ikahamia seva zenye kadi za picha, yaani GPU. MeerKAT ilianza na FPGA, chipu ambazo saketi yake hupangwa upya kwa programu, na kwa ajili ya upanuzi wake ikaandikiwa mfumo mpya wa GPU. GPU za leo zina vitengo vya kuzidisha matriki ya namba za biti 8, vilivyowekwa kwa ajili ya akili mnemba; John Romein wa ASTRON, taasisi ya Uholanzi ya unajimu wa redio, alionyesha kwamba X inavitosha kama kidole na pete. FPGA bado ina utiifu wa muda usio na mfano, ila kuandaa toleo moja la programu yake kunaweza kula saa nyingi, na wanaoijua ni wachache.

Anayenunua GPU kwa kutazama kasi ya hesabu tu hukwama kwenye kumbukumbu. Seva ikipokea sahani nne, inaingiza gigabaiti 17 kwa sekunde. Kuandika mara moja na kusoma mara moja ni 34. Nakala moja isiyo ya lazima ndani ya programu, na tayari ni 68.

Kinachoruhusu kubadilisha chipu bila kugusa sahani ni maelezo ya paketi: ipi ni chaneli gani, sahani gani, wakati gani. Hayo ndiyo huandikwa mapema na kushikiliwa. Hata hapo biti huhesabiwa: kaunta ya wakati yenye biti 48, ikihesabu vipimo milioni 1712 kwa sekunde, hujaa na kurudi sifuri baada ya saa 45 na dakika 40. Mfumo unaojaribiwa kwa siku moja hautaona kitu.