Patroni akifariki: yanayosemwa kwenye kilio cha Lubumbashi, na yaliyo kweli

Mwanzilishi wa kampuni anapofariki Lubumbashi, habari hufika karakanani kabla hati ya kifo haijaandikwa kwenye ofisi ya komini. Kufikia jioni turubai limekwisha kufungwa mbele ya nyumba yake, viti vya kukodi vimepangwa, na wafanyakazi wameketi kwenye kilio pamoja na ndugu wa marehemu. Hapo ndipo mengi husemwa kwa uhakika mkubwa, ingawa hayana msingi.

Wapo wanaosema kwamba kampuni yenye adabu hufunga milango mpaka mzee azikwe. Lakini maiti yaweza kukaa mochwari ya hospitali ya Sendwe siku nyingi ikimngojea mtoto aliye ng'ambo, na muda wote huo mteja aliyekwisha kulipa hapati mzigo wake, wala kibarua wa siku hana cha kupeleka nyumbani. Steve Jobs alipofariki tarehe 5 Oktoba 2011, Apple, kampuni ya kompyuta na simu aliyoianzisha na wenzake, iliweka picha yake kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yake na kazi ikaendelea. Tarehe 19 ya mwezi huo ikafunga maduka yake mengi kwa saa chache tu, wafanyakazi wapate kufuata kumbukumbu yake. Kwetu pia nusu siku ya maziko inatosha, ila igharimiwe na kampuni. Siku 4 za ruhusa ya msiba zilizomo katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 ni za mwenzi wa ndoa, mzazi au mtoto, patroni hamo.

Kuhusu bikwembe, yaani vitenge, vyenye picha ya marehemu sina neno, kwa kuwa ni desturi na wengi huvipenda. Kosa ni kudhani kwamba bei yake inaweza kukatwa kwenye mshahara bila kuuliza mtu. Mchango wa kilio ni wa hiari, hata ukiombwa na mkuu wa wafanyakazi mwenye macho mekundu.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni ile isemayo kwamba kampuni humfuata mwenyewe kaburini, au kwamba sasa ni mali ya kaka zake. Kongo imo tangu mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na chini ya sheria zake kampuni ya aina ya SARL, yaani yenye dhima yenye ukomo, ni nafsi inayojitegemea: haivunjiki kwa sababu mmoja wa wanahisa amefariki, na hisa zake huwaendea warithi, isipokuwa mkataba wa kampuni umeweka masharti mengine. Kinachokoma ni madaraka ya meneja aliyefariki, na wanahisa hupaswa kukutana ili wamteue mwingine. Mambo huwa tofauti kwa biashara ya mtu mmoja, ile ambayo kibao chake huanza na herufi Ets, kifupi cha neno la Kifaransa établissements. Huko hakuna ukuta kati ya mfuko wa marehemu na sanduku la duka, hivyo duka lote, pamoja na madeni yake, huingia katika urithi.

Na urithi wenyewe? Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto robo tatu. Robo inayobaki hugawiwa mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Pasipo wosia, msimamizi wa mirathi ni mrithi aliye mkubwa kwa umri, au mwingine atakayechaguliwa na warithi iwapo huyo atajitoa. Kwa hiyo baba mdogo anayekuja siku ya tatu kudai funguo za sefu aelezwe kwa upole, na funguo zibaki zilipo. Kampuni inayomheshimu marehemu huanza hapa: barua kwa benki, kwa wauzaji na kwa wafanyakazi, ikieleza ni nani atakayetia saini, na mishahara ya mwezi itatoka lini.

Wengine hudhani kwamba jina likichongwa ukutani halitasahaulika. Jean Jadot, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1906, alipewa mji mzima, kilomita 120 hivi kutoka hapa; tangu mwaka 1966 Jadotville inaitwa Likasi. Lakini kuwalipia karo watoto wa mlinzi aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi ni ukumbusho usiohitaji kibao.

Baada ya arobaini hubaki dhana moja inayofanana sana na heshima, nayo ni kupima kila uamuzi kwa swali, "Mzee angefanya nini?" Jobs mwenyewe alimwonya Tim Cook, aliyemrithi kuiongoza Apple, asijiulize swali hilo, bali afanye lililo sahihi. Meneja mpya aliyechaguliwa na wanahisa apewe ofisi, pamoja na kile kiti ambacho watu wanaogopa kukikalia.