Stabilaiza ya tundu moja au ya matundu matatu?

Vijana wenye Subaru na Altezza wakija gereji swali lao ni moja: "Fundi, nifunge stabilaiza ya kurekebisha?" Wameiona mtandaoni, imepakwa nyekundu, ina matundu matatu kila upande. Kabla ya kujibu nauliza mtu anakaa wapi. Hapa Mwanza, wa Bugarika au juu Isamilo, ambako tairi la kushoto linapanda jiwe huku la kulia likizama mferejini, simjibu sawa na wa Nyegezi anayeshinda kwenye lami ya barabara ya Shinyanga.

Stabilaiza ni nondo ya chuma cha springi inayounganisha tairi la kushoto na la kulia. Yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo inazunguka tu ndani ya bushi zake, zile raba zinazoishikilia kwenye gari. Tairi moja likipanda peke yake, au gari likilala kwenye kona, ndipo inanyongwa na kupinga. Kwa hiyo kinachokufurahisha kwenye kona ya lami ndicho hichohicho kinachokurusha kichwa huko kwenye miamba: pigo la tairi moja linahamia upande wa pili.

Iliyokuja na gari ina tundu moja kila mwisho. Ya kurekebisha ina mawili au matatu: linki, kile kijiti kinachounganisha mwisho wa nondo na upande wa tairi, ukiifunga tundu la ndani, mkono (ile sehemu ya nondo iliyopinda kuelekea linki) unafupika na nondo inakuwa ngumu, ukiirudisha tundu la nje, inalainika. Ila wanaouliza matundu hawaniulizi unene, na unene ndio wenye nguvu. Kwa nondo iliyojaa, isiyo bomba, ugumu unafuata kipeo cha nne cha kipenyo. Toka milimita 20 hadi 22, umepanda kwa asilimia 46 hivi. Kuhamisha tundu, tuseme mkono umetoka milimita 250 hadi 230, kunaongeza kama asilimia 18. Aliyefunga nondo nene kupita kiasi hataokolewa na tundu la nje.

Ukikaza mbele, pua ya gari inagoma kuingia kona. Ukikaza nyuma, pua inaingia vizuri lakini mkia ndio unaoanza kuteleza, na lami ikilowa mvua za masika hapo hapana mchezo. Mwenye matundu nyuma namwanzishia laini kabisa. (Wenye IST na Vitz: nyuma mna ekseli ya kujinyonga, na yenyewe inafanya sehemu ya kazi hiyo. Hela hiyo nunueni matairi.)

Ya kurekebisha inamfaa anayeshindana, au yule ambaye kweli atalala chini ya gari ahamishe linki, ajaribu, ahamishe tena. Wengi wanafunga tundu la kati na hawaligusi mpaka gari linauzwa. Hao wamelipia matundu matatu wakatumia moja. Wala msizichanganye na linki za kurekebisha urefu. Hizo hazigusi ugumu. Ni za gari lililonyanyuliwa au kushushwa, nondo isikae imejinyonga gari likiwa limesimama tu.

Kwa gari la kawaida la hapa mjini mimi nasema bakini na nondo ya kiwandani. Lakini shikeni linki mzitikise. Ule mlio wa ko-ko-ko mbele ukipita taratibu kwenye mawe, mara nyingi ni linki au bushi zimekwisha, nondo yenyewe haina neno.

Ukishaamua matundu, tumia tundu lilelile kushoto na kulia. Kaza linki gari likiwa limekalia matairi yake mahali tambarare, upande mmoja usiwe unaning'inia kwenye jeki. Bushi za poliyurethani zipake grisi ya silikoni, la sivyo zitakulilia kila tuta. Baada ya wiki rudi chini, zikaze tena nati za linki.